Bega la Mama Dari

Watu wengi hupita chini ya dari maisha yao yote bila kuitazama hata siku moja. Mama Dari aliwahurumia watu hao. Yeye akiingia nyumba ya mtu, hata iwe ya msiba, jambo la kwanza alilofanya ni kuinua shingo, na la pili ni kuguna. Mguno mfupi ulimaanisha aliyepaka alitumia rola kavu. Mguno mrefu ulimaanisha aliyepaka alishuka kwenda kula katikati ya kazi, akarudi rangi imeshakauka, na sasa pale alipoachia pana mstari utakaomzomea mwenye nyumba mpaka siku ya kubomoa.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu, na mwanzoni lilikuwa la kejeli. Alipoanza kazi ya rangi walimpa mageti na vizingiti, kwa maelezo kwamba mwanamke hapandi jukwaa. Siku moja mpaka rangi wa dari hakutokea kazini, mwenye nyumba amesimama mlangoni ananuna, na yule mwanamke wa mageti akachukua ndoo na rola akapanda bila kumuuliza mtu. Aliposhuka jioni, dari ilikuwa nyeupe pepe, haina doa wala mstari. Kejeli ikageuka sifa, na tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na tisa, hakuna aliyemwonyesha tena geti.

Sheria yake ilikuwa moja: dari ni pumzi moja. Mkono mmoja, siku moja, hakuna kushuka mpaka kona ya mwisho. Alikataa kusaidiwa, kwa sababu kila mkono una uzito wake na rola husema kila kitu. Jukwaa alilitaka chini, mkono aunyooshe wote juu ya kichwa, kwani mkono ulionyooka hufika mbali na jukwaa halihami mara kwa mara. Mafundi vijana wakimtazama walishangaa. Saa sita mfululizo mkono uko juu! Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mama Dari rangi yake hakuitia maji hata tone, ila kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kuunyoosha ule mkono.

Bega la kulia likaanza kunung'unika taratibu. Kwanza kwenye kuchana nywele. Kisha kwenye kuchukua kikombe rafu ya juu. Kisha akawa hawezi kulalia upande ule, maana maumivu yalimwamsha akakaa kitandani anatukana, na mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa matusi, akawa anasubiri yaishe ndipo ampe mto wa pili. Mama Dari hakulichukulia bega lake kama mgonjwa. Alilichukulia kama kibarua mvivu. Alilisema, alilipaka dawa ya kuchua inayonuka nyumba nzima, akalipeleka kazini. Mwaka mzima alilipeleka hivyo. Yeye ndiye aliyewaambia wateja, kila alipoona nyufa, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. La kwake mwenyewe hakulisikia.

Ukuta ulianguka katika sebule ya daktari wa meno. Mama Dari alikuwa amebakiza kona moja, akaunyoosha mkono, na katikati ya safari kitu kikachanika ndani ya bega, mkono ukaishiwa nguvu papo hapo, rola ikadondoka. Chini alikuwa amesimama msimamizi wao, mwanamume mrefu aliyeitwa Timazi kwa sababu hakutembea bila ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia kuta. Rola ilimwangukia kwenye kofia. Angetukana, ingekuwa afadhali. Lakini Timazi alijifuta rangi kwenye nyusi akasema kwa upole, "Mama, umechoka. Umetufanyia kazi kubwa. Kuanzia wiki ijayo nitakupa mageti."

Mageti! Neno hilo lilimuuma kuliko bega. Alishuka ngazi kwa mkono mmoja, akaenda nyumbani bila kuaga.

Sasa mashauri yakamiminika, maana ukiumwa kila mtu ni daktari. Jirani alimleta mkandaji, mwanamume wa mikono minene, aliyeuvuta ule mkono kama anang'oa muhogo kwenye ardhi kavu, akauzungusha, akatangaza kwamba mshipa umerudi mahali pake. Hakuna kilichorudi. Kesho yake bega lilivimba, na mkandaji aliporudi kwa awamu ya pili alikuta Mama Dari amesimama mlangoni na fimbo ya rola, akaelewa.

Baada ya hapo shauri likawa moja: pumzisha mkono. Mumewe aliufunga kwa kitambaa shingoni, fundo zuri kabisa la mtu aliyezoea kufunga mizigo nyuma ya baiskeli, na Mama Dari, aliyekuwa hamtii mtu, safari hii akatii. Wiki nne mkono ulilala kifuani kama mtoto. Alipoufungua, maumivu yalikuwa yamepungua, lakini mkono ulikataa kwenda popote. Juu hauendi, mgongoni haufiki, hata kujifunga nguo kwa nyuma hawezi. Bega lilikuwa limeganda.

Kitu cha kumliza hakikuwa hicho. Asubuhi moja alitoka uani akakuta kamba ya kuanikia nguo imeshushwa. Mumewe alikuwa ameifungua kwenye misumari ya juu akaifunga chini, usawa wa kifua, ili mkewe asihangaike. Mashuka yangeburuzika mchangani.

"Nani amekuambia mimi nimekuwa kibete?" aliuliza.

"Mke wangu, nimeona unapata taabu."

"Taabu ni yangu! Leo kamba, kesho utanikatia kitanda miguu!"

Akaanika nguo zake kwenye ua wa mabati, zikashika kutu, akazivaa na kutu yake. Na siku hiyohiyo alikwenda hospitali, kwa hasira.

Daktari alimpiga picha ya mifupa, akasema mifupa ni mizima. Kisha akampeleka kwenye ile mashine ya mawimbi ya sauti wanayopimiwa wajawazito, akapakwa mafuta ya baridi begani.

"Ni wa kike au wa kiume?" Mama Dari alimuuliza mpimaji.

Alikuwa kano. Aliyemweleza vizuri ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba mwenye chumba kidogo mwishoni mwa ukumbi wa hospitali, ambaye alichukua chungwa na kisahani akavipanga mezani. "Mama, bega ni hivi. Kichwa cha mfupa wa mkono ndiyo hili chungwa, na pahali pake pa kukaa ndiyo hiki kisahani. Unaona kisivyotosha? Kinachozuia chungwa lisiporomoke ni misuli minne midogo inayolizunguka, na kano zake zimeshika mfupa. Ukiunyanyua mkono juu ya kichwa, kano ya juu inabanwa chini ya mfupa wa paa la bega. Mara moja si kitu. Wewe umefanya hivyo miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kamba hukatikia pabovu. Yako imechanika nusu. Haijakatika yote, na hapo una bahati, kwa sababu ingekatika yote kwa ajali tungekuwa tunazungumza habari za upasuaji sasa hivi."

"Na kule kuganda? Niliufunga kwa kitambaa wiki nne."

"Huko ni kwa kitambaa. Kupumzisha bega ni kuacha kazi za juu kwa muda. Si kulifunga jela."

Mama Dari alipiga hesabu. Kwa mwaka mzima alikosea kwa ubishi, na kwa wiki nne akakosea kwa utii, na la pili ndilo lililomkera zaidi. "Sindano?" aliuliza.

"Ipo. Inatuliza uvimbe ili uweze kufanya mazoezi. Haishoni kano. Daktari akiona maumivu yanakuzuia, atakuchoma moja. Lakini kazi yenyewe utaifanya wewe, kila siku, miezi mitatu, minne. Na huyo mkandaji uliyenisimulia asikuguse tena."

"Nikifanya hayo yote, nitarudi kwenye dari?"

Binti hakukimbilia kujibu, na Mama Dari akampendea hilo. "Kufanya kazi ulivyokuwa ukifanya, hapana. Ukirudi vilevile, nusu iliyobaki itaondoka."

"Mwanangu, kuna mtu ameniambia nimechoka. Nionyeshe hayo mazoezi."

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kudhalilisha. Mtu aliyebeba ndoo za lita ishirini kupanda ngazi, sasa aliambiwa ainame, aushike ukingo wa meza, auache mkono uning'inie na kuuzungusha vidogo vidogo kama mtu anayekoroga uji. Aliambiwa apandishe vidole ukutani, kidole baada ya kidole, na kuweka alama pale vilipoishia. Yeye hakuweka alama ya kalamu. Alifungua kopo la rangi akaweka mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka, na tarehe pembeni. Ukuta wa chumbani ukawa na ngazi ya mistari, na baadhi ya wiki mstari mpya ulipita mle mle ndani ya ule wa zamani. Wiki hizo hakuzungumza na mtu.

Kisha ikaja mipira. Binti alimwambia atahitaji utepe wa mpira wa kuvuta, na kabla hajamaliza kueleza unapouzwa, Mama Dari alikuwa ameshacheka. Nyumba yake ilijaa tyubu za baiskeli. Mumewe alimchagulia moja laini isiyo na viraka, akaikata, akaifunga kwenye komeo la mlango. Kiwiko kimebana ubavuni, taulo limekunjwa katikati, vuta nje, rudisha polepole. Mara kumi na tano, pumzika, rudia. Mume alikaa kando akihesabu. Akiruka namba kwa huruma, mkewe alimrudisha.

"Kumi na mbili, kumi na nne..."

"Na kumi na tatu umemhonga nani?"

Wiki ya saba hivi, mvua ilitishia huku mashuka yakiwa kwenye beseni, na ua wa mabati ulikuwa umelowa kwa mvua ya usiku. Mama Dari alitazama huku na huku, akaona hakuna wa kumcheka, akaenda kwenye ile kamba ya chini. Akaanika shuka la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nne ndipo alipogundua kwamba bega halijasema neno. Mkono wake ulikuwa mbele yake, kiwiko chini ya bega, nguo usoni. Akabaki amesimama na kibanio mkononi, mvua inaanza kudondoka. Kamba imeshuka kuufuata mkono. Dari haiwezi kushuka. Lakini yeye anaweza kupanda! Miaka kumi na tisa alikuwa akiliweka jukwaa chini na kuutuma mkono juu, ili asihamishe mbao mara mbili, ili watu washangae. Alijiita mpumbavu, kwa sauti, mara kadhaa, na mashuka yakalowa upya.

Mwezi wa nne wa mazoezi zikaja habari kwamba kampuni ya Timazi imepata ukumbi mpya wa shule, dari ndefu, na kwamba wapaka dari wawili aliowajaribu kwenye ukumbi mwingine walimwachia mistari mpaka mteja akagoma. Mama Dari hakuitwa. Alivaa nguo zake za kazi akaenda.

Mafundi walikuwa wanakula, wameketi juu ya magunia ya saruji. Timazi alimpokea kwa heshima, akamuuliza hali ya nyumbani, na kisha, mbele ya wote, akasema, "Haya mama, inua mkono tuone."

Kila mtu akatazama lile bega. Kwa kweli angeweza kuuinua. Mstari wa juu kabisa pale ukutani chumbani ulikuwa wa wiki iliyopita. Lakini Mama Dari aliuacha mkono ulivyo.

"Sijaja kula kiapo," alisema. "Nimekuja kupaka. Wewe ndiye utakayeinua, na utainua jukwaa. Nataka dari iwe hapa." Akagusa utosi wake. "Na nataka siku tatu."

"Siku tatu!" Timazi alicheka, na mafundi wakacheka kumsindikiza. "Mama, dari ni pumzi moja. Haikatwi. Si sheria yako mwenyewe hiyo?"

Hapo alimpata, na Mama Dari alisikia uso ukimchemka. Ni kweli, ilikuwa sheria yake. Kwa sheria hiyo aliwagunia watu wengi. Akainua shingo kuitazama ile dari, na alichokiona alikuwa amekwisha kukiona tangu mlangoni.

"Hesabu boriti," alisema.

"Nini?"

"Una timazi, una rula, huna macho? Kuna boriti nane zimekatiza. Maana yake ni dari tisa, kila moja na kingo zake. Rangi ikiishia kwenye boriti, hakuna atakayeona ilipoishia. Kila dari nitaimaliza kwa pumzi moja, kisha nitashuka, nitakaa, nitaweka barafu begani kwangu, na wala sitakuomba ruhusa. Hata zile za zamani zilikuwa na boriti. Nilikuwa naziruka kwa kiburi."

Timazi alikisugua kile kipande cha chuma kwenye kiganja. "Kupandisha jukwaa lote hilo ni kazi ya asubuhi nzima. Halafu kulihamisha kila mara."

"Ndiyo."

"Nikiona mstari mmoja, mama. Mmoja tu."

"Ukiuona, nipe mageti, na nitayapaka mpaka nife bila kukuuliza neno."

Akamaanisha hivyo, na wote waliosikia walijua amemaanisha.

Siku ya kwanza alifunga kipande cha tyubu kwenye nguzo ya jukwaa akaanza kuvuta, kiwiko ubavuni, taulo katikati, na mafundi wakauliza kama anakamua ng'ombe. Aliwajibu kwamba ng'ombe ni wao. Kisha akapanda. Juu kule alisimama kichwa kikikaribia kugusa dari, rola mbele ya macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo aliiona kwa karibu rangi ikikaa, kila tone. Safu moja mkono wa kulia, safu moja wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga. Aliufundisha kama alivyofundishwa yeye kukoroga uji hewani. Bega liliuma, lakini alikuwa amejifunza kutofautisha: maumivu ya kazi hukaa na kuondoka, yale ya kuchanika hupiga kelele. Liliponung'unika alimaliza mpaka boriti iliyo mbele, akashuka. Kushuka! Mara ya kwanza miguu yake ilikuwa mizito kwa aibu. Mara ya tano alishuka anapiga mluzi.

Siku ya tatu, fundi wa plasta, jitu la watu, alimjia pembeni akimnong'oneza. "Shangazi, hiyo tyubu... mimi hili bega langu likipita hapa linalia."

"Nenda hospitali kwanza, wakuambie linalia nini. Halafu njoo nyumbani, mume wangu anazo za kila saizi."

Rangi ilipokauka Timazi alipanda jukwaani na tochi. Aliilaza sambamba na dari, kama wanavyofanya wanaotafuta ubaya, akatembea nayo kutoka ukuta hadi ukuta, mgongo umepinda, Mama Dari akiwa chini amekaa kitini na barafu yake. Ilimchukua muda mrefu. Mwishowe sauti ikatoka juu.

"Kuna mbu hapa amegandia."

"Huyo alikuwa na haraka."

Hakukuwa na kingine. Timazi alishuka, akazima tochi, akauliza kama mkono umepona. Mama Dari alimjibu kweli tupu: haujapona, unafanya kazi, na utafanya kazi maadamu jukwaa liko juu. Timazi akatoa daftari akaandika urefu wa jukwaa.

Nyumbani, mumewe alitaka kuirudisha kamba kwenye misumari ya juu kwa kumpongeza. Alikuwa ameshafungua fundo moja.

"Iache hapo," alisema mkewe.

"Si uliikataa?"

"Niliikataa. Sasa naitaka. Una neno?"

Mumewe akalifunga tena lile fundo.

Ukumbi ulipofunguliwa, wazazi na walimu walijaa, na mafundi waliosafisha viatu vyao waliwekwa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Mkuu wa shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mbali, alishukuru wote wanaopaswa kushukuriwa, akaishukuru kampuni, na Timazi akanyoosha kola yake. Kisha mkuu akasema kuna jambo hakulielewa: kila akiingia humu ndani anajikuta ametazama juu. "Aliyepaka dari hii ni nani? Anyooshe mkono tumwone."

Timazi alifungua mdomo. Mama Dari alikuwa ameshaanza.

Aliunyoosha wa kulia. Ulipofika usawa wa bega, maumivu yalikuwa pale pale pa siku zote, na yeye alipajua sasa kama mtu anavyoijua ngazi mbovu ya nyumba yake. Akapavuka polepole. Mkono ukapita kichwa, kiwiko kikagusa sikio, vidole vikafunguka. Hapakuwa na aliyemwamuru. Watu wakageuza shingo kumtafuta, wakamwona, kisha mmoja mmoja wakaziinua kutazama dari, na mkono wake ukakaa hapo juu mpaka alipotaka mwenyewe kuushusha.